Watoto Walioikataa Nyumba ya Bati

Siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa blanketi zito na kiti cha kuegemea, mkaniomba nitoe neno kwa walimu vijana wa chekechea. Ahsanteni sana. Ila mgeni rasmi alizungumza mpaka wali ukapoa, na zamu yangu ilipofika watu walikuwa wanatazama sahani, hawanitazami mimi. Lile neno nimekaa nalo nyumbani mwezi mzima linaniwasha, bora niliandike. Atakayesoma asome.

Mshahara sitausema, habari fupi haina haja ya karatasi. Vyeo navyo vilipita chini kwa chini njia ya Korogwe, huku milimani havikupanda. Nimefundisha watoto wadogo Vuga, nimefundisha Mtae ambako barabara ikikatika mnakula mlichonacho na kushukuru, na miaka ya mwisho hapa Lushoto mjini. Lakini kila mwalimu kijana akiniuliza, "Bi Rehema, hivi kweli mtoto wa miaka minne ana maoni ya kusikilizwa?" akili yangu inarudi kituo changu cha kwanza, kijiji kimoja juu ya Mlola, enzi za Ujamaa. Nitakaa hukohuko.

Nilikuwa binti wa Tanga mjini. Nilipanda milima nimekalia gunia la chumvi juu ya lori la ushirika, nimevaa kandambili na gauni la maua. Tulipofika, ukungu ulikuwa umefunga bonde lote na meno yangu yanagongana. Mama mmoja aliyekuja kunipokea akanitazama miguu kwanza, uso baadaye. "Pole mwanangu," akasema. "Kwenu hakuna viatu?"

Kituo chenyewe kilikuwa banda kwenye kiwanja kilichochimbwa ubavuni mwa mlima. Kuta tatu za miti na udongo, paa la nyasi, upande wa nne wazi kabisa. Upande huo wazi ulitazama bonde, na ng'ambo ya bonde, kwenye mteremko mkali, ndiko lilikokuwa shamba la kijiji. Kina mama walikuwa wamelijenga banda kwa mikono yao ili wapate pa kuacha watoto siku za kulima shamba la pamoja. Ukikaa bandani uliwaona ng'ambo kule wamejipanga kwenye matuta, na kila mtu ukimjua kwa kanga yake. Kwa sauti mlisikiana. Kwa miguu, kushuka na kupanda, ilikuwa safari ya kumaliza pumzi.

Katika mafunzo yangu mafupi nilikuwa nimeambiwa kwamba mtoto mzuri hukaa kimya, mikono kifuani, macho kwa mwalimu. Asubuhi ya kwanza nikapaza sauti: "Kaeni! Mikono kifuani!" Hawakuelewa hata nusu. Nyumbani kwao Kishambaa, Kiswahili kilikuwa cha sokoni na mikutanoni. Mmoja akaanza kulia, wa pili akampokea, banda zima likalia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaketi kwenye debe nikalia nao.

Aliyenikuta katika hali hiyo ni Bi Tabitha, Bibi Maendeleo wa tarafa. Alikuwa Mshambaa wa palepale, mama wa makamo, Mlutheri wa kuimba hata akiwa anapanda mlima, na alitembelea vituo vyake vyote kwa miguu, amevaa mabuti ya kiume. Nikajifuta haraka, nikasimama. "Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Nafundisha."

"Unamfundisha nani? Ukisimama hivyo hawa wanaona magoti yako tu. Kaa chini."

Nikakaa chini, kwenye vumbi, na gauni langu la maua. Bi Tabitha akawasalimia watoto, "Onga makeo," akaokota gunzi la mahindi, akampa yule aliyekuwa analia kuliko wote. Akamwambia kwa Kishambaa kwamba mwenye gunzi ndiye anayesema, na wengine wote, hata mwalimu, ni kimya mpaka amalize. Mtoto akashangaa hata machozi yakakatika. Akaligeuza lile gunzi, akalitazama, akasema ana njaa.

"Umesikia?" Bi Tabitha akanigeukia. "Uji unawapa saa ngapi?"

"Baada ya nyimbo na kuhesabu."

"Hawa wametoka kwao alfajiri wamepanda mlima. Wewe ulikunywa chai?"

Nilikuwa nimekunywa. Siku ile uji ukatangulia, na nyimbo ziliimbwa vizuri ajabu. Kabla hajaondoka akaniambia, "Wazazi wao kila jambo wana mkutano. Hawa nao wape wao. Wana macho na wana mdomo. Kazi yako ni kunyamaza kidogo, na najua watu wa Tanga hilo mnaliona gumu."

Basi tukawa na mkutano wa watoto kila asubuhi. Waliuiga wa wakubwa wao mpaka nikabanwa na kicheko: kukohoa kabla ya kusema, "Ndugu Mwenyekiti," kunyoosha kidole, na mmoja daima kazi yake kulala. Msidhani kila walichoamua kilikuwa busara. Waliwahi kupitisha kwa kauli moja kwamba mwalimu awabebe mgongoni wote kwa zamu, na nikawabeba mpaka kiuno kikaniomba talaka. Waliamua mbuzi wa jirani aandikishwe. Lakini waliamua pia kwamba wakubwa wawasubiri wadogo penye daraja la mti, na tangu hapo hakuna aliyetumbukia. Sheria hiyohiyo nilikuwa nimeitangaza mimi mara nyingi, ikaingia sikio hili ikatokea lile. Ya kwao waliishika.

Zana zetu tulizipata chini: magunzi, visoda, mbegu za maharage za kuhesabia, udongo wa mfinyanzi kutoka mtoni, na debe moja la kupiga ngoma. Leo mna midoli ya plastiki yenye betri, hongereni. Betri ikiisha mtanikumbuka.

Jambo moja tu lilinishinda. Watoto wale walikaa wakitazama ng'ambo. Nikigeuza magogo wanayokalia yaelekee ubavuni mwa mlima, baada ya muda yamegeuka tena. Katikati ya wimbo utamsikia mmoja anasema, "Mama Hadija yule," mwingine, "Mama Saumu kahama tuta." Niliudhika mwanzoni, kisha nikaona ni utoto tu, wanawalilia mama zao kimoyomoyo, nikawaacha.

Wakati wa masika, udongo umelowa, Mama Hadija aliteleza kule shambani akaporomoka hadi korongoni. Wenzake walikuwa wameinama nyuma ya kilima kidogo, hawakumwona. Watoto wakaruka juu wote, wanapiga kelele na kunyoosha mikono. Mimi nikadhani nyoka, nikashika fimbo. Wapasua mbao waliokuwa karibu nasi wakatazama watoto walikoonyesha, wakatimua mbio bondeni, wakamtoa mwenzetu mguu umevunjika lakini mzima. Kijiji kikawashukuru wapasua mbao, wakachinjiwa jogoo. Watoto hakuna aliyewataja.

Mwenyekiti wa mkutano wa watoto mara nyingi alikuwa Saumu. Alikuwa na miaka mitano, mwembamba, macho makubwa, mzito wa kucheka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la moto tangu kiganja hadi begani. Kabla ya kuwapo banda, siku za shamba mama yake alikuwa akimfungia ndani na kibuyu cha maji na viazi, maana hakuna wa kumwachia, na mteremko ule si wa kupanda na mtoto mgongoni. Siku moja makaa ya jikoni yakashika nguo. Waliporudi kutoka shamba walimkuta amejikunja mlangoni. Alipona, Mungu mkubwa. Mama Saumu ndiye aliyepita nyumba hadi nyumba akiwaambia wenzake wakate miti wajenge kituo, na sasa alikuwa na mwingine mdogo, Abdi, aliyekuja bandani ameshikwa mkono na dada yake. Mama yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila asubuhi aliniachia wanawe, ananitazama machoni, anasema, "Mwalimu, hawa ndio roho yangu," anaondoka na jembe lake.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Singano, alikuwa mzee mwema mwenye kofia ya kufuma na methali kwa kila jambo. Aliamua kituo kipate nyumba ya kweli. Matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, bati juu. Tulijitolea wote, wanaume wakachoma tanuri, wanawake wakasomba maji na mchanga, na fundi Yohana, mwashi hodari kuliko wote upande ule, akajenga kuta ukipitisha uzi haulegei. Mlango uliwekwa kuelekea barabara, mgeni wa wilaya akija aione nyumba inang'aa kabla hajashuka kwenye gari. Upande wa bonde Yohana alijenga ukuta mzima, madirisha mawili juu kabisa chini ya bati, ya kuingizia mwanga. "Mtoto akitazama nje hajifunzi," Mzee Singano akaniambia. "Samaki mkunje angali mbichi, mwalimu." Sikumpinga, nami niliufurahia ubao mpya na kabati lenye kufuli.

Siku ya kuhamia watoto walivaa safi, wakaimba mpaka mlangoni. Wakaingia. Wakazunguka kuta zote nne, kimya, wanagusa matofali kwa viganja. Kisha Saumu akamshika Abdi mkono, wakatoka, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Nikawakuta kwenye banda la zamani, ambalo nyasi zake tulikuwa tumeshazishusha, wamekaa kwenye magogo yao chini ya manyunyu.

Niliwarudisha, wakatoka. Kesho yake vilevile. Hapo kila mtu akawa mganga. Huyu anasema bati linawatisha likipigwa na mvua, yule anasema harufu ya chokaa, bibi mmoja anasema kiwanja kile kina wenyewe, mizimu, ipikiwe. Baba mmoja alileta peremende. Wakaingia, wakala, wakatoka. Niliwauliza mlangoni, wazazi wamesimama nyuma yao na viboko, nao wakasema "giza" na "hatutaki" na kutazama vidole vya miguu. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Mvua ikazidi, bandani hapakaliki tena. Mama mmoja akaacha kwenda shamba, wa pili akaacha, magugu yakapanda. Asubuhi moja nikampitia Mama Saumu nyumbani kwake. Amesimama nje na jembe, komeo la mlango mkononi, watoto wako ndani. Hafungi, haondoki. Zamu yake shambani ilikuwa imempita mara kadhaa, na aliyekosa zamu alikosa mgao wa mahindi. "Nimezima moto kabisa," akaniambia. "Nimemwaga maji juu ya jivu. Lakini mkono unakataa." Nikachukua wale watoto nikaenda nao kwangu. Wawili niliwaweza. Wote nisingewaweza.

Mkutano wa kijiji ukaitwa mbele ya nyumba mpya. Mzee Singano alikuwa ameumia, na mtu mzima akiumia hukimbilia sheria. "Nyumba ya bati haikai tupu," akasema. "Watoto wameikataa. Wasipoingia kesho itakuwa ghala la mbegu na mbolea, na kituo tufunge."

Mama Saumu akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, na wanangu niwaweke wapi? Niwafungie tena?"

Watu wakainamisha vichwa. Sauti ya mwanaume ikatoka nyuma: "Wachapwe, wataingia!" Wengine wakaitikia. Nami nikajikuta nimesimama, mgeni wa Tanga.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba waulizwe."

"Si uliwauliza, mwalimu?"

"Niliwauliza mbele ya viboko. Wana mkutano wao. Mwenye gunzi husema, wengine husikiliza. Naomba wasikilizwe hivyo, kisha mwamue mnavyotaka."

Mzee akacheka hadi kofia ikamlegea. "Gunzi! Mkutano wa kijiji uongozwe na gunzi!"

"Usiongozwe, baba yangu. Usikilize tu."

Watu wakacheka, lakini kicheko cha kulegea, si cha kukataa. Mzee akapunga mkono. "Haya, waite viongozi wenzangu."

Wakaja wakakaa mbele, nikampa Saumu gunzi. Sikujua atasema nini. Kama angesema bati linapiga kelele, basi kituo kwisha. Saumu akakohoa kwanza, akasema kwa Kishambaa, nami siku hizo nilikuwa nakisikia vizuri.

"Ndugu Mwenyekiti, humu ndani hatuwaoni mama."

Mzee akatikisa kichwa kwa upole. "Mjukuu wangu, mama zenu wako shamba. Jioni wanarudi. Mtu mkubwa kama wewe bado unamlilia mama?"

"Hatuwalilii," Saumu akasema. "Tunawaangalia."

"Mnawaangalia?"

"Shamba lile linateleza. Mama Hadija alipoanguka nani alimwona? Sisi. Tukapiga kelele." Watoto wenzake wakaitikia kwa vichwa. Akaendelea kama anayesoma taarifa ya kamati. "Kila mmoja anamwangalia wake. Hadija akiumwa, mimi naangalia wangu na wake. Kwenye nyumba hii kuna ukuta."

Mama Hadija, na fimbo yake ya kutembelea, akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee Singano akauliza, sasa polepole, "Nani aliwapa kazi hiyo?"

Saumu akalitazama gunzi. Akainua mkono wake wa kushoto, ule wa kovu, si kwa kutuonyesha, bali kuondoa nywele usoni, ila sote tuliuona.

"Mimi nilipoungua hakuna aliyeniona," akasema. "Sasa mama akianguka, nani atamwona?"

Nimeishi miaka mingi baada ya hapo na nimesikia hotuba nyingi, na sijasikia nyingine iliyonikaa kifuani namna ile. Mama Saumu alipita katikati ya watu, akaketi chini mavumbini mbele ya mwanawe, akalia wazi, bila kuficha uso. Saumu akaweka gunzi chini, akampangusa kwa ncha ya kanga ya mama mwenyewe. Alimpangusa kwa makini, kama anavyompangusa Abdi makamasi.

Mzee Singano akaingia ndani ya ile nyumba peke yake. Tukamsubiri. Alipotoka magoti ya kanzu yake yalikuwa na vumbi la saruji.

"Yohana," akaita.

"Naam, mzee."

"Ukuta wa bonde unaweza kutobolewa?"

Uso wa fundi ukasawijika. Ukuta ule ulikuwa fahari yake. Akautazama, akawatazama watoto. "Chini kiasi gani?"

"Waulize wenyewe."

Tukapiga kura. Wanaokubali? Watoto wakanyoosha mikono yote miwili kila mmoja, na Mzee akatangaza kwamba yote imehesabiwa. Yohana akaenda kuleta nyundo na tindo. Kabla hajagonga tofali, aliwasimamisha watoto ukutani mmoja mmoja, akachora alama kwa mkaa penye macho ya kila mtoto, kuanzia mrefu hadi Abdi. Alitoboa madirisha mapana ya chini sana, mtu mzima akitaka kuchungulia lazima apige magoti. Mgeni wa wilaya alipokuja aliuliza ni fundi gani mlevi aliyejenga hivi. Yohana akajibu, "Ni mimi, na sinywi." Mgeni akapita kwingine.

Siku tuliyoingia mara ya pili jua lilikuwa limetoka. Watoto hawakuimba, waliingia moja kwa moja hadi madirishani wakapanga videvu juu ya matofali. Ng'ambo kina mama walikuwa wameshafika shambani, lakini hakuna aliyekuwa analima. Bila mtu kuwaagiza, walikuwa wamesimama wima kwenye matuta yao, wametugeukia, kila mmoja ameinua jembe lake juu.

Saumu aliwapitia kwa macho kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine, midomo inataja majina. Wa kwake alimwacha wa mwisho. Alipomwona akashusha pumzi, na majembe kule ng'ambo yakashuka. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya tangu nimjue: akageuka, akaupa mgongo mteremko ule, akaja akakaa mbele yangu na mikono magotini.

"Wapo wote," akasema. "Haya mwalimu, tufundishe."